Absalomu na Kinyongo cha Miaka Saba

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Habari hii imo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, na inamhusu Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi. Katika Israeli nzima hapakuwa na kijana mzuri kama yeye. Tangu utosini hadi unyayoni hakuwa na kasoro. Kasoro yake ilikuwa moyoni, na haikuanza kwa ubaya.

Absalomu alikuwa na dada aliyeitwa Tamari. Walikuwa pia na ndugu wa baba mmoja, Daudi, ila mama mbalimbali. Ndugu huyo, Amnoni, alimdhulumu Tamari na kumvunjia heshima. Tamari alirarua vazi lake, akajitia majivu kichwani, akaenda zake akilia. Mfalme aliposikia alikasirika sana, lakini Biblia haisemi kwamba alimwadhibu Amnoni.

Absalomu je? Alinyamaza. Kwa miaka 2 hakumwambia Amnoni neno jema wala baya. Msidhani huo ulikuwa msamaha. Siku ya sherehe ya kukata manyoya ya kondoo alimwalika Amnoni, na divai ilipomlegeza, akaamuru watumishi wake wamuue. Kisha akakimbilia Geshuri, kwa babu yake mzaa mama, akakaa miaka 3. Aliporudishwa Yerusalemu, akakaa miaka 2 mingine bila kuuona uso wa baba yake. Akamwita Yoabu, jemadari wa mfalme, amfanyie mpango. Yoabu alipokataa kuja mara mbili, Absalomu akaamuru shamba la shayiri la Yoabu litiwe moto.

Hesabuni: 2, 3, kisha 2. Miaka 7 ya kinyongo! Mwishowe Daudi alimbusu mwanawe, lakini busu lile liliishia shavuni.

Sasa mtazameni asubuhi na mapema, amesimama kando ya njia iendayo lango la mji. Ana gari na farasi, na watu 50 wanaopiga mbio mbele yake. Anakuja mtu wa mbali, amechoka, ana kesi ya kupeleka kwa mfalme. Absalomu anamwita, anamuuliza kwao ni wapi, anamwambia kwamba haki ni yake ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Laiti yeye angekuwa mwamuzi! Mtu akitaka kuinama, Absalomu anamshika na kumbusu. Ndivyo alivyoiiba mioyo ya watu, mmoja mmoja.

Kisha akaenda Hebroni, akamdanganya baba yake kwamba anakwenda kutimiza nadhiri. Huko tarumbeta zikalia, naye akatangazwa mfalme. Hata Ahithofeli, mshauri wa Daudi, akajiunga naye. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Daudi akaukimbia mji, akapanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, akilia.

Vita kati ya watu wa Daudi na watu wa Absalomu vikapiganwa katika msitu wa Efraimu, wakafa watu 20,000. Absalomu alikuwa amepanda nyumbu. Nyumbu akapita chini ya mwaloni mkubwa wenye matawi mazito, kichwa cha Absalomu kikanaswa, nyumbu akaenda zake. Aliyetaka kupanda juu ya wote akabaki akining'inia, miguu haigusi ardhi. Daudi alikuwa ameagiza mbele ya watu wote kwamba kijana atendewe kwa upole. Yoabu hakujali, akamchoma kwa mikuki mitatu. Wakamtupa katika shimo msituni, wakarundika mawe juu yake.

Daudi alikuwa ameketi langoni akingoja habari. Kila mjumbe alimuuliza jambo moja: kijana Absalomu yu salama? Alipojua, akapanda chumba cha juu ya lango, akalia, akitamani afe yeye badala ya mwanawe. Ushindi wa siku ile ukageuka msiba.

Wajukuu zangu, Absalomu alikuwa na haki ya kuumia. Dada yake alidhulumiwa kweli, na mzazi hakutenda lililompasa. Lakini alifunga kinywa, akalilea donda mpaka likamfundisha kuua, kudanganya na kutamani kiti cha baba yake. Na Tamari hakufutwa chozi na lolote kati ya hayo. Mkionewa, semeni mapema, kwa mtu mzima mnayemwamini. Akinyamaza huyo, mwambieni mwingine. Msilale na kinyongo miaka 7.