Breki za Gari Kuukuu Katika Milima Yetu



Wengi wetu hapa Kanombe, na wenzetu wa viwanda vya Masoro na wa mashamba ya chai, hatuna gari. Tunapanda gari la mtu mwingine, na mara nyingi gari hilo ni kuukuu. Mfano ni ile Hiace ya miaka mingi ambayo watu wa Rwanda waliipa jina la "twegerane", maana yake tusogeleane. Wengine miongoni mwetu ni mafundi na madereva wa magari hayo hayo.

Gari la namna hiyo ndilo wasafiri hulifanya nyumba. Huchukua Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, au Hiace iliyotolewa viti, wakaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kisha wakaenda nalo mpaka mbuga ya Akagera. Likiharibika njiani huletwa kwa fundi yule yule anayetengeneza basi letu. Kwa hiyo tunayoyaeleza leo yanahusu magari yote mawili.

Ukuukuu wa gari peke yake si kosa. Gari la miaka 40 likitunzwa hufanya kazi salama. Hatari huja matengenezo yanapoahirishwa, na katika nchi ya milima hatari hiyo huanzia kwenye breki.

Kwa nini mlima ni adui wa breki

Breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Gari la tani 3 likishuka mlima wa kimo cha mita 100 kwa kushikiliwa na breki tu, joto linalotoka hapo latosha kuchemsha lita 9 hivi za maji. Joto hilo lote huingia katika magurudumu 4. Basi hushusha abiria wake likawa jepesi, lakini gari la nyumba halishushi mzigo wake. Lita 50 za maji tangini ni kilo 50, nazo hupanda na kushuka kila mlima.

Ndiyo sababu dereva mzoefu hubadili gia kabla ya kuanza kushuka, akaacha injini ilizuie gari. Kushuka kwa gia huru ili kuokoa petroli ni kuuza roho za watu kwa bei ya nusu lita.

Mafuta ya breki

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kama hayavuji. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka kwa joto lisilopungua nyuzi 205. Yakishanyonya maji, yaweza kuchemka kwa nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama mpaka chini, na gari lisisimame. Lakini gari likipoa pedali hurudi kuwa ngumu, na tajiri husema dereva amezua.

Basi tunashauri hivi:

1. Mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, yasiongezwe juu tu. Kopo lililokaa wazi lisitumike, wala mafuta yaliyokwisha kutolewa yasirudishwe.

2. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika breki. Mipira ya breki isioshwe kwa petroli. Vyote viwili huivimbisha mipira ikaharibika.

3. Wakati wa kutoa hewa, kwa magari mengi ya zamani fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, akamaliza na la karibu.

4. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, itengenezwe. Tumeona mabomba ya breki yaliyobanwa kwa koleo ili gari lifanye safari ya siku. Gari hilo likikanyagwa breki kwa nguvu huvutwa upande mmja, na katika barabara ya mlimani upande mmoja ni ukuta na wa pili ni bonde.

5. Mabomba ya mpira yakaguliwe kwa kuyapinda kwa mkono. Yakionyesha nyufa, yabadilishwe.

Vumbi linaloua polepole

Sasa tuseme juu ya afya ya fundi mwenyewe. Viatu vya breki vya magari mengi ya zamani vilitengenezwa kwa asibesto, ile ile iliyokuwa katika mapaa ambayo serikali imekuwa ikiyaondoa nchini. Fundi akifungua dramu ya breki na kupuliza vumbi kwa kompresa au kwa kinywa, yeye na vijana wanaojifunza kazi hulivuta kifuani. Ugonjwa wake waweza kuchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuonekana, na wakati huo gereji imekwisha kumsahau.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya asibesto mwaka 1986. Lakini kinga ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Vumbi lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani zikafuliwa pamoja na za watoto.

Wajibu wa kila mmoja

Ukaguzi wa magari ni wa lazima, lakini ukaguzi ni wa siku moja na mlima ni wa kila siku. Dereva akiona pedali imelegea, aseme, na ikiwezekana aandike, ili neno lake lisipotee. Mwenye gari asimfukuze kwa kusema. Nasi abiria tusimharakishe dereva aliyesimama kupoza breki. Tukichelewa kazini kwa sababu hiyo, kamati ya wafanyakazi imweleze msimamizi pamoja nasi, asibaki mtu mmoja kukatwa mshahara.

Kopo la mafuta ya breki ni gharama ndogo kuliko matanga ya mtu mmoja. Tuwaambie hivyo wenye magari, na tuwaambie tukiwa pamoja.