Sayansi ya likizo bila malipo: Nani abebe gharama kanda ya dhahabu?

KILA ifikapo Juni, shule hufungwa wakati msimu wa ununuzi wa pamba umeshafunguliwa na mpunga umeanza kuingia ghalani. Kwa mtoto wa mzazi mwenye uwezo mjini Shinyanga au Geita, huo ni mwezi wa masomo ya ziada ya kulipia. Kwa mtoto wa mkulima wa Kishapu au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mara nyingi ni mwezi wa kuchunga, kuuza karanga au kubeba mawe ya kupeleka kwenye karasha.

Kazi hiyo ya mwisho ina madhara makubwa. Mwaka 2013, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakiwamo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Lakini katazo peke yake halimpi mtoto pa kwenda shule ikifungwa.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya kidato cha kwanza hadi cha nne Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Masomo ya likizo hayamo katika unafuu huo. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukutana na Fizikia na Kemia kwa Kiingereza.

Gharama yenyewe ni kiasi gani?

Darasa la sayansi la likizo halihitaji maabara ya kifahari. Mwalimu anaweza kuanza na karai la kuoshea dhahabu, akaeleza kwa nini chembe huzama wakati mchanga unachukuliwa na maji: dhahabu ni nzito mara 19 hivi kuliko maji ya ujazo uleule. Mbegu za pamba, udongo wa shambani na maji ya kisima vinatosha kwa majaribio ya wiki nzima.

Kinachokwamisha ni chakula, madaftari na posho ya walimu. Chukua mfano wa wanafunzi 40 kwa siku 10. Kila mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, zinahitajika kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo 100. Maharage ya gramu 150 kwa kila mmoja kwa siku ni kilo 60. Huo ni mzigo ambao wanachama wa AMCOS moja wanaweza kuuchanga baada ya mavuno bila kuathiri akiba ya nyumbani. Watoto wakisoma mchana katika shule ya kata na kurudi kulala kwao, gharama za malazi na nauli zinapungua sana.

Fedha zipo wapi?

Mlango wa kwanza ni migodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mwaka 2018, Mgodi wa Dhahabu wa Geita uliingia makubaliano ya Sh bilioni 9.2 na halmashauri mbili za Geita. Madarasa na zahanati huonekana kwa macho, hivyo huombwa kwanza. Programu ya likizo itaingia kwenye orodha pale tu wananchi watakapoitaja kwenye mkutano wa kijiji, ikapita kamati ya maendeleo ya kata na kufika kwa madiwani. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, hivyo anayetaka darasa la Juni aanze kulisemea mwaka mmoja kabla.

Mlango wa pili ni wafanyabiashara wenyewe. Mfano upo: Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata maonyesho ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965. Wanafunzi wa sekondari hufanya utafiti na kuuonyesha, wafadhili hulipa, na Karimjee Jivanjee Foundation imekuwa ikiwasomesha washindi chuo kikuu. Mwenye duka la pembejeo au mnunuzi katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, anaweza kufanya hivyo kwa kiwango chake: ream ya karatasi, betri, nyaya au posho ya mwalimu mmoja.

Tahadhari

Mchango uwe wa hiari. Mzazi asiyechangia asizuiwe mtoto wake, maana hapo neno "bure" litakuwa limekufa. Kibali cha ofisa elimu kipatikane mapema, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa shule. Mali bila daftari huisha bila habari, na mchangaji asiyejua gunia lake lilikwenda wapi hatarudi mwakani.

Dhahabu huisha, Buzwagi, wilayani Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mtoto aliyejifunza kupima maji, udongo na madini bado atakuwa na la kufanya shimo likifungwa. Kwa kuanzia, yanatakiwa magunia mawili ya unga.