Wiki Moja Kwenye Boti ya Matanga: Bei Unayoiona na Pesa Inayotoka

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu kulipa stima, karo na kodi ya nyumba. Leo tunaongea kuhusu boti. Sisi wanane, sita wafanyakazi wa hapa hapa na wawili marafiki, tulichanga karibu miaka miwili tukaenda kukaa wiki moja kwenye boti ya matanga huko Kroatia, pamoja na nahodha, mpishi na baharia mmoja. Tulirudi tukiwa na furaha. Lakini kabla hata ya kupanda ndege tulikuwa tumepoteza shilingi 40,000, na tulizipoteza kwa njia ile ile ambayo tunakuonya wewe kila wiki. Tumekaa na hiyo aibu vya kutosha. Wacha tuieleze.

Kwanza kitu chenyewe. Ukitaka likizo ya matanga kwenye bahari ya Mediterania, unaweza kukodi boti tupu ukaiendesha mwenyewe kama una cheti, unaweza kuongeza nahodha peke yake, ama unaichukua pamoja na watu wake wote: wanaotweka tanga, wanaopika, wanaotandika vitanda. Sisi hatuna cheti cha kitu chochote kinachoelea, kwa hivyo tukachukua hiyo ya mwisho. Wiki huanza Jumamosi jioni na kuisha Jumamosi inayofuata asubuhi, na boti nyingi za namna hii hazibebi zaidi ya wageni 12, kwa sababu ikizidi hapo sheria inaihesabu kama meli ya abiria. Yetu ilikuwa katamarani, ile aina ya mashua mbili zilizoshikanishwa na sitaha moja, yenye vyumba vinne vya wageni.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Lamu. Tulipomwambia wazo hili alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mnalipa yuro kwenda kuangalia tanga?" Halafu akawa wa kwanza kutuma mchango.

Sasa pesa. Bei iliyotuvutia ilikuwa yuro 12,000 kwa wiki (tarakimu tumezizungusha kidogo ili hesabu iwe rahisi). Gawanya kwa watu wanane, ni yuro 1,500 kila mtu. Kwa yuro moja shilingi 150, hiyo ni 225,000. Kila mtu alienda nyumbani akaandika 225,000 kwenye daftari lake. Kumbe wapi.

Ile 12,000 ni ya boti na mishahara ya watu wake. Kroatia inaongeza kodi ya asilimia 13, yaani yuro 1,560. Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyetuambia mapema: fungu la matumizi. Hizi ni pesa mnazompa nahodha kabla ya safari anunue chakula chenu, vinywaji, mafuta ya injini, na alipe ada za kuegesha bandarini. Mara nyingi huwa kati ya asilimia 25 na 35 ya bei ya boti. Sisi tuliambiwa 30, yaani yuro 3,600. Mwisho kuna bakshishi. Si lazima kisheria, lakini kwenye Mediterania watu hutoa kati ya asilimia 5 na 15, na baada ya wiki ya kupikiwa samaki hakuna atakayekuwa na uso wa kushuka bila kutoa kitu. Tukaweka 10, yuro 1,200.

Jumlisha: yuro 18,360. Kila mtu 2,295, ambayo ni shilingi 344,250, kabla ya tiketi ya ndege na viza. Hiyo tofauti ya karibu laki moja na elfu ishirini kwa kila mtu ndiyo ilitufanya tuahirishe safari mwaka mzima. Ukiletewa bei ya boti, uliza swali moja tu: "Tukishuka siku ya mwisho, jumla yote itakuwa ngapi?" Dalali mzuri atakuandikia. Boti nyingine ndogo huko Kroatia hazitumii fungu la matumizi, zinakuuzia chakula cha asubuhi na cha mchana kwa bei maalum, halafu ada za bandari unalipa mwenyewe mkifika. Hiyo pia ni sawa, bora ujue.

Jambo lingine ni kwamba tulikuwa tunachanga shilingi huku deni letu likiwa la yuro. Anayekumbuka mwanzo wa 2024, dola ilipita shilingi 160, halafu miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Aliyenunua pesa za kigeni zote siku moja alikuwa anacheza kamari. Sisi tulikubaliana kwamba kila tukifikisha kiasi fulani mweka hazina anabadilisha, bei iwe nzuri ama mbaya. Hatukupata bei bora zaidi, ila pia hatukulia.

Mkataba ulitaka nusu tukitia sahihi, na nusu ya pili pamoja na fungu la matumizi mwezi mmoja kabla ya safari. Nusu ya kwanza ilienda vizuri. Mweka hazina wetu alikusanya michango kupitia akaunti ya kikundi, inayohitaji watu wawili kuidhinisha, akatuma kwa benki.

Wiki tano kabla ya safari sote wanane tukapata barua pepe. Jina la boti lilikuwa sahihi. Tarehe sahihi. Nembo ya dalali ilikuwepo, na jina la yule dada tuliyekuwa tunaandikiana naye. Ilisema kwamba ili kutuepushia gharama za benki, fungu la matumizi linaweza kulipwa kwa shilingi, kwa simu, kwa mwakilishi wao aliyeko Nairobi. Kila mtu atume sehemu yake. Namba ndiyo hii. Watakaochelewa zaidi ya Ijumaa, boti itapewa wengine.

Mwenzetu mmoja, na hatutamtaja kwa sababu ni mmoja wa wale sita wa hapa kazini, alituma 40,000 saa ile ile. Ndizo alizokuwa nazo, akapanga kumalizia mwisho wa mwezi. Tulipomuuliza baadaye kama aliona jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, alisema ndiyo, aliliona. Lilikuwa jina la mtu binafsi. "Nilidhani ni mhasibu wao."

Aliyetuokoa na hasara kubwa zaidi ni mweka hazina, na si kwa ujanja wowote. Alikasirika tu kwamba watu wanalipa bila kupitia kwake. Akafungua mkataba tuliotia sahihi, akachukua namba ya simu iliyoandikwa mle, si ile ya kwenye barua, akapiga Kroatia. Yule dada alinyamaza kidogo kisha akasema hawana mwakilishi Nairobi na hawajawahi kuwa naye. Hapo ndipo tukaangalia vizuri anwani ya barua pepe. Herufi moja ilikuwa imeongezwa katikati.

Tulipiga simu kuomba muamala urejeshwe. Zilikuwa zimepita dakika chini ya arobaini, na pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti. Hili tulieleze wazi kwa sababu wateja hutuuliza kila siku: ombi la kurejesha linafaa kama pesa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Zikiwepo zinaweza kuzuiliwa. Zikishatolewa, unabaki na OB ya polisi na subira. Sisi OB tunayo.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko wizi wenyewe. Je, 40,000 ni hasara ya nani? Wengine walisema ni yake, alionywa na kazi yake ndiyo hiyo. Wengine walisema barua ilikuja kwetu sote, na kama si mweka hazina kuwa na hasira, hata wao walikuwa njiani. Mmoja alikiri kwamba alikuwa ameshaandika ile namba kwenye simu akabakisha kuweka PIN tu. Siku mbili kundi la meseji lilikuwa kimya, hakuna hata "habari ya asubuhi". Mwishowe tuligawa hasara kwa wanane, 5,000 kila mtu, yeye akiwemo. Hatukukubaliana kwamba ilikuwa haki. Tulikubaliana kwamba tutakaa pamoja kwenye boti ya mita chache kwa siku saba, na hakuna pa kukimbilia.

Viza tuiguse haraka. Kroatia iliingia eneo la Schengen na kuanza kutumia yuro siku moja, Januari 1, 2023. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na bima ya matibabu lazima ifike yuro 30,000. Unaweza kuomba miezi sita kabla, na usingoje. Mmoja wetu alipata jibu siku tisa kabla ya ndege. Shida ni kwamba ubalozi unataka kuona safari imepangwa, na boti inataka malipo kabla ya viza. Kwa hivyo soma kipengele cha kughairi kabla ya kutia sahihi, hasa kama kinasema chochote kuhusu mtu kunyimwa viza. Chetu hakikusema kitu.

Na laini yako: washa huduma ya kuitumia nje ya nchi ukiwa bado nyumbani, ujaribu. Benki ikikutumia namba ya uthibitisho wakati laini imekufa, kadi yako ni plastiki tu.

Basi tukafika Split. Viatu viliingia kwenye kikapu kwenye ngazi na hatukuviona tena mpaka bandarini, maana sitaha ya boti haikanyagwi na viatu vya barabarani. Masanduku magumu yaliwasumbua waliokuja nayo, hakuna pa kuyaweka. Njoo na begi la kitambaa. Tulipita Brač na Hvar, tukalala usiku mbili Vis, kisiwa ambacho mpaka 1989 kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia na wageni kutoka nje hawakuruhusiwa. Labda ndiyo sababu bado kimetulia. Yule wa Lamu alikaa na nahodha kila mchana kuulizia upepo. Huko wakati wa kiangazi kuna upepo wa kaskazini magharibi wanaouita maestral, unaoanza kabla ya adhuhuri na kulala jua likizama, kwa hivyo asubuhi ni injini na mchana ni tanga. Kuna mwingine, bura, unaoshuka milimani kwa ghafla na kwa nguvu, na huo hawaufanyii mzaha. Alituambia kwamba kusi na kaskazi angalau zina adabu, zinakuja kwa msimu. Siku ya nne nahodha alimpa usukani.

Na kila usiku kulikuwa na daftari. Nahodha aliandika kila risiti: maji, mkate, ada ya bandari ya Hvar ambayo ilituuma, dizeli. Hiyo ni haki ya mteja, kuomba kuona fungu la matumizi limefikia wapi, na si utovu wa adabu. Katikati ya wiki tuliona tumekula zaidi ya nusu, tukakubaliana usiku miwili tutie nanga ghubani badala ya kuegesha bandarini. Ghuba nyingine ni bure, nyingine zina maboya ya kulipia. Hizo usiku mbili zilikuwa nzuri kuliko zote.

Ijumaa jioni nahodha alifunga hesabu mezani mbele yetu na kutuhesabia yuro 296 zilizobaki. Bakshishi tulikuwa nayo pembeni kwenye bahasha, hatukuichanganya. 296 kwa wanane ni yuro 37 kila mtu. Mweka hazina alizibadilisha tuliporudi Nairobi, na mchana ule simu nane zikalia meseji moja baada ya nyingine: shilingi 5,550.

Yule mwenzetu wa 40,000 alianza hapo hapo kututumia kila mtu 5,000, bila neno lolote. Watu sita tulimrudishia. Mmoja alizipokea akanyamaza, na hakuna aliyemuuliza.