Rangi za Kompyuta na Macho ya Anayeitumia



Katika toleo hili tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani rangi zinazoonekana kwenye kioo cha kompyuta mtu anapopanga faili zake. Tunalileta kwenu kwa sababu lilikaribia kutupotezea mfanyakazi mzuri, na watoto wanne walikaa nyumbani wiki mbili wakingoja karo kwa ajili yake.

Ofisi yetu iko hapa Kona Baridi, pale barabara ya Magadi, ukitoka Kiserian, inapofika ukingoni kabla ya kuanza kuteremka Bonde la Ufa. Aliyewahi kusimama hapo anaujua upepo wake. Lakini mwanga wa hapo watu wengi hawaufikirii. Ukungu wa asubuhi ukishaondoka, jua huingia dirishani moja kwa moja na kumulika meza yote. Tena laptopu yetu mara nyingi inatumia betri iliyochajiwa kwa sola, na kompyuta ikiwa kwenye betri hujipunguzia mwanga ili kuokoa moto. Basi jua nje, giza kwenye kioo. Ongeza hapo macho ya watu wa miaka arobaini na kitu kama sisi, ambao tunaanza kusogeza kitabu mbali ndipo tusome, na utaelewa shida ilianzia wapi.

Kazi yetu kubwa kwenye kompyuta ni kunakili. Orodha za watoto wanaolipiwa karo, hesabu za kamati za maji, picha za matangi, barua. Zinatoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi, au zinaletwa na flashi kutoka mashinani. Kwa kazi hiyo tunatumia programu yenye madirisha mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu: dirisha moja linaonyesha faili za kompyuta, la pili linaonyesha za flashi. Mtindo huu ulipata umaarufu mwaka 1986 na Norton Commander, iliyoandikwa na John Socha, ile ya madirisha ya buluu ambayo waliofanya kazi na kompyuta za zamani wataikumbuka. Baadaye, mwaka 1993, Christian Ghisler wa Uswisi alitoa Windows Commander, ambayo tangu 2002 inaitwa Total Commander. Kuna pia Midnight Commander kwa wanaotumia Linux. Sisi tunatumia Double Commander kwa sababu ni ya bure, na inafanana sana na Total Commander.

Uzuri wa programu hizi ni kwamba vidole vikishazoea, kazi inakwenda haraka. Ukifinya Tab unahama kutoka dirisha moja hadi lingine. Ukifinya Insert unatia alama kwenye faili. F5 ni kunakili, F6 ni kuhamisha, F8 ni kufuta. Ila hapo hapo ndipo penye hatari. F5 haikuulizi unataka kunakili kutoka kulia kwenda kushoto au kutoka kushoto kwenda kulia. Inachukua kutoka kwenye dirisha lililo hai, yaani lile ulilosimama ndani yake, na kupeleka kwenye lile lingine. Ukidhani umesimama kulia kumbe uko kushoto, faili ya zamani inakwenda kuikalia ile mpya.

Ndivyo ilivyotutokea. Mmoja wetu alitaka kuweka orodha mpya ya karo, iliyokuja na flashi, ndani ya kompyuta. Jua lilikuwa limepiga kioo, hakuona kwamba dirisha lililo hai lilikuwa lile la kompyuta. Akafinya F5. Programu ikauliza kama faili iliyopo ifunikwe, na ikaonyesha tarehe na ukubwa wa faili zote mbili, kama inavyofanya siku zote. Akajibu ndiyo bila kusoma. (Nani husoma akiwa na haraka?) Orodha ya muhula uliopita ikafunika mpya, na majina manne yaliyoongezwa yakapotea. Watoto hao walirudishwa nyumbani na hatukujua sababu mpaka mama mmoja alipokuja kuuliza. Hilo lilikuwa kosa letu sisi wakubwa.

La pili lilikuwa la kijana wetu wa kujitolea, mwanafunzi mwepesi wa kazi, lakini kila tulipomwambia afute faili za zamani alifuta na nyingine zisizohusika. Tukamwonya mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu tulikuwa tumeshakubaliana tumwambie akae nyumbani kidogo. Siku hiyo mwenzetu akakaa kando yake na kumwambia, "Kijana wangu, si unaona hizi nyekundu ndizo zenye alama?" Akajibu kwa adabu kabisa, "Nyekundu ni zipi, mama?"

Tukaja kugundua kwamba kijana haoni tofauti ya nyekundu na nyeusi kwenye maandishi membamba. Wala hakuwa anatuficha; tangu utoto alidhani watu wote wanaona kama yeye. Tulipoulizana zaidi, akatuambia hajui taa ya chaja ikiwa imebadilika kutoka nyekundu kuwa kijani, na sokoni hawezi kuchagua nyanya zilizoiva kwa kuziangalia, lazima azishike. Ng'ombe wa kwao je? Hao anawajua mmoja mmoja kwa madoa na pembe, na hakuwahi kupoteza hata ndama.

Hali hii si ugonjwa wa macho kama trakoma, ambayo wengi wa Kajiado tunaijua, wala haihitaji dawa. Ni ya kuzaliwa. Mara nyingi mtoto wa kiume huirithi kupitia kwa mama yake, ambaye mwenyewe anaona rangi vizuri. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya huwapata takriban 1 kati ya 12, na wanawake 1 kati ya 200. Kwa Waafrika huwa ni wachache zaidi, lakini wapo, na katika shule yenye wavulana mia kadhaa si ajabu kuwakuta. Kwa baadhi yao nyekundu huonekana nzito na iliyofifia, karibu na nyeusi. Sasa fikiria: Double Commander na Total Commander, kama zilivyo zikitoka, huonyesha faili zenye alama kwa kubadilisha maandishi yake kutoka meusi kuwa mekundu. Basi. Kwa kijana wetu hakuna kilichobadilika.

Hebu tueleze sasa tulivyofanya.

Kwanza tuelewe kwamba linalosomesha maandishi ni tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake kuliko rangi yenyewe. Wataalamu wameipimia tofauti hiyo kwa uwiano. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hakuna zaidi ya hapo. Rangi moja juu ya rangi hiyo hiyo ni 1 kwa 1, yaani huoni kitu. Kanuni za kimataifa za kurasa za kompyuta zinasema maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1. Nyekundu kali juu ya nyeupe ni kama 4 kwa 1, yaani hata kwa mwenye macho mazima iko chini kidogo ya kipimo. Manjano juu ya nyeupe ni 1.07, hayo ni sawa na kuandika kwa maji. Nyekundu kali juu ya buluu kali ni kama 2 tu, na ndiyo maana tangazo lililochorwa hivyo linaumiza macho. Lakini nyeupe juu ya buluu nzito ya wino hufika 16, na manjano juu ya buluu hiyo hiyo karibu 15. Waliochagua buluu ile ya zamani hawakukosea.

Hata hivyo sisi tulipojaribu buluu nzito nyuma na maandishi meupe, tuliona sura zetu! Kioo chenye rangi nzito mbele ya dirisha linaloingiza jua hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Usiku au chumba chenye giza, ni vizuri sana, na mtu mwenye mtoto wa jicho anaweza kuipenda kwa sababu nyeupe nyingi humtia kiwi. Mchana Kona Baridi, hapana. Tukarudi kwenye rangi hafifu nyuma, kama ya maziwa yaliyotiwa siagi, na maandishi meusi. Na kabla ya hayo yote tulifanya ambalo tungelifanya zamani bila kompyuta: tuligeuza meza ili dirisha liwe ubavuni.

Ndani ya programu, fungua menyu iliyoandikwa Configuration, halafu Options, kisha utafute sehemu ya rangi inayohusu madirisha ya faili. Katika Total Commander njia ni hiyo hiyo, na sehemu inaitwa Color. Hapo utapewa nafasi ya kuchagua rangi ya maandishi, rangi ya nyuma, rangi ya nyuma ya pili, rangi ya alama, na rangi ya mstari wa kuchagulia, ule unaopanda na kushuka ukifinya mishale. Kabla hujagusa chochote, andika kwenye karatasi zilivyo sasa.

Rangi ya nyuma ya pili inasaidia kuliko inavyodhaniwa. Mistari hupishana, mmoja rangi hii mwingine ile, na jicho haliruki kutoka jina la faili moja hadi tarehe ya nyingine. Ila tofauti iwe ndogo, kama kivuli tu. Mstari wa kuchagulia tuliupa buluu nzito na maandishi meupe ili uonekane hata kutoka mlangoni.

Kwa ajili ya dirisha lililo hai, Double Commander ina kitu tunachokipenda: unaweza kupunguza mwangaza wa dirisha lisilo hai. Sisi tumeuteremsha mpaka kama 80 kwa 100. Sasa ukifinya Tab, upande mmoja unawaka na mwingine unafifia, na huhitaji kuinua macho hadi juu kutafuta kichwa kilichopakwa rangi. Total Commander hatukuiona na kifaa hicho. Anayeitumia na auangalie mstari wa kuchagulia na kile kichwa cha juu kila mara kabla ya F5.

Na kwa kijana wetu, dawa ilikuwa kisanduku kimoja cha kutia tiki, kinachosema Use inverted selection. Ukikitia tiki, alama haiwi tena kwenye herufi bali kwenye mstari mzima nyuma ya herufi, kana kwamba umepaka kalamu nene juu ya jina. Herufi ni nyembamba, rangi yake hupotea upesi. Mstari mzima ni mpana, hauwezi kukupita. Lakini angalia, rangi uliyoichagua kwa alama sasa imekuwa ya nyuma, kwa hivyo nyekundu ile ya mwanzo haifai tena. Maandishi meusi yanataka rangi hafifu chini yake. Manjano, ambayo tumesema haifai kabisa kuandikia juu ya nyeupe, chini ya herufi nyeusi hufika 19. Weka rangi, tia alama faili mbili tatu, kisha umwite mwenzako mwenye macho mabovu kuliko yako aseme anaona nini.

Kuna pia nafasi ya kupaka rangi kwa aina ya faili. Hapa watu hujisahau wakatengeneza upinde wa mvua. Sisi tuna rangi mbili tu. Faili za hesabu, zile zinazoishia na xls au xlsx, ni buluu nzito. Faili zinazoishia na exe au vbs ni zambarau nzito, kwa sababu flashi zinazotoka saiba mara nyingine hubeba virusi vilivyojifanya folda, na mtu akivifungua amekwisha. Orodha ya aina hizo ina mpangilio: faili ikiingia kwenye kanuni mbili, ile ya juu ndiyo hushika. Na kwa sababu rangi peke yake haimsaidii kila mtu, tumeacha miisho ya majina ionekane.

Mwisho wa kazi hiyo tuliongeza ukubwa wa herufi, kwenye sehemu ya Fonts, kutoka zilivyokuwa hadi mtu aweze kusoma bila kuinama. Faili chache huonekana kwa wakati mmoja. Tumekubali hasara hiyo.

Rangi zetu zote, kwa namba zake tatu tatu kuanzia 0 hadi 255, zimeandikwa kwenye daftari lililo kando ya kompyuta. Anayetaka kuzinakili aje nalo lake, asubuhi kabla jua halijafika mezani. Atamkuta kijana wetu, ambaye ndiye sasa anayefuta faili za zamani kila Ijumaa. Nyanya za chai ya saa nne bado tunamtuma mwingine akanunue.