Jinsi ya kupata kifaa kinachomfaa mlemavu, na fedha za kukigharamia

HAFLA huwa ni ile ile. Hema hupigwa katika uwanja wa shule, viti vipya vya magurudumu hupangwa kwa mstari mbele ya jukwaa, na baada ya hotuba ndefu mgeni wa heshima humkalisha mlemavu mmoja kitini huku wapigapicha wakisukumana. Jioni hema hushushwa na kila mtu huenda zake.

Miezi michache baadaye, si ajabu kukuta kiti kile kile nyuma ya nyumba kikiwa kimeanikwa nguo. Gurudumu dogo la mbele limevunjika, au mwenyewe ameshindwa kukikalia kwa sababu ya maumivu. Jamaa zake wamerudia kumbeba mgongoni kama zamani.

Lawama huelekezwa kwa mlemavu, kwamba hakutunza mali aliyopewa. Lakini mara nyingi kiti hicho hakikumfaa tangu siku ya kwanza. Kiliundwa kwa ajili ya kusukumia wagonjwa kwenye sakafu laini ya hospitali, kisha kikapelekwa mahali penye vijia vya mawe na matope. Na kabla ya kukabidhiwa, hakuna aliyempima.

Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu utoaji wa viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo ulitaja hatua nane: mhitaji kuelekezwa kwa wahudumu na kupangiwa siku, kuchunguzwa, kuandikiwa aina ya kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukitayarisha kiti, kukilinganisha na mwili wake, kumfundisha kukitumia, na mwishowe matengenezo na ufuatiliaji.

Ni muhimu kutambua kwamba suala la fedha ni la nne. Familia nyingi, na hata wafadhili wengi, huanzia hapo na kumalizia hapo.

Mtaalamu anayempima mtu kwa ajili ya kiti huangalia upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu kutoka gotini hadi kisiginoni. Kiti kikiwa kipana mno, mtu huegemea upande mmoja na uti wa mgongo huanza kupinda. Kikiwa kirefu mno kwenda nyuma, huteleza mbele kila mara ili magoti yake yapate kukunjika.

Hatari ni kubwa zaidi kwa wale wasiohisi sehemu ya chini ya mwili, kama vile walioumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani. Mtu wa aina hiyo akikaa kutwa bila mto maalumu, nyama ya makalio hubanwa na kukosa damu, naye hasikii maumivu yoyote ya kumwonya. Kidonda huanza kama doa tu, kisha huchimba hadi mfupani. Kikiingiwa na viini vya maradhi kinaweza kumuua. Ndiyo maana kiti kisichofaa kinaweza kumdhuru mtu kuliko kukosa kiti kwa muda.

Viti, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya vifaa vinavyohitajika. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2022 na WHO pamoja na shirika la UNICEF ilisema kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na kwamba karibu bilioni moja hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini, ni watu watatu tu kati ya kila mia wenye mahitaji wanaovipata vifaa hivyo, ilhali katika baadhi ya nchi tajiri ni tisini. Orodha ya WHO ya vifaa vya kupewa kipaumbele, iliyotolewa mwaka wa 2016, ina vifaa 50, vikiwemo miwani, magongo, fimbo nyeupe za wasioona, vifaa vya kusaidia kusikia, miguu bandia, na programu za kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti.

Nchini Kenya, kupata vifaa hivi ni haki. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kabla ya hapo kulikuwepo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo ndiyo iliyozaa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, pamoja na hazina ya kitaifa ya maendeleo ya walemavu. Sheria hiyo ya 2003 ilifuatwa na nyingine mpya iliyotiwa saini mwezi Mei 2025.

Haki iliyoandikwa kwenye karatasi, bila shaka, haimfikii mtu mlangoni. Lazima ifuatwe, na safari huanzia hospitalini.

Mlemavu huchunguzwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, nao hujaza fomu inayoeleza aina na kiwango cha ulemavu. Fomu hiyo ndiyo humwezesha kusajiliwa na NCPWD na kupewa kitambulisho cha mlemavu. Baraza lina maafisa wake katika kaunti, hivyo hakuna sababu ya mtu wa Turkana au Kwale kufunga safari hadi Nairobi kwa ajili ya usajili.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kuna wazazi ambao humficha mtoto kwa kuona haya, na kuna wazee ambao huona kwamba kudhoofika kwa macho au masikio ni mambo ya uzee tu yasiyohitaji daktari. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, sawa na asilimia 2.2 ya waliohojiwa kuanzia umri wa miaka mitano, ilhali ile ya 2009 ilikuwa imehesabu zaidi ya milioni 1.3. Maswali yaliyoulizwa yalikuwa tofauti, lakini ni vigumu kuamini kwamba ulemavu ulipungua kiasi hicho ndani ya miaka kumi. Asiyehesabiwa hatengewi fedha.

Akishapata kitambulisho, mhitaji anaweza kutuma ombi la kifaa kupitia kwa afisa wa baraza katika kaunti. Maombi huwa mengi kuliko fedha, kwa hivyo namna ombi linavyoandikwa ina uzito wake. Barua inayosema tu, "Naomba msaada wa kiti," humwachia afisa kazi ya kubahatisha. Ombi lenye nguvu huambatanishwa na maelezo ya mtaalamu wa tiba ya viungo yanayotaja aina ya kifaa, vipimo, na sababu ya kuchagua hicho badala ya kingine. Mkulima wa Kisii anayeishi mlimani, kwa mfano, huenda asifaidike na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo mchuuzi wa Kisumu aendaye sokoni kila siku kwenye tambarare angeifurahia.

Mbali na serikali, kipo Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, ambacho kimekuwepo tangu 1958 na kina mafundi wa kutengeneza na kurekebisha viti, baiskeli za mikono na viungo bandia. Hospitali kubwa za umma pia zina karakana za viungo bandia. Wasioona wanaweza kuanzia kwa shirika la Kenya Society for the Blind, lililoundwa kwa sheria ya bunge mwaka wa 1956.

Kwa mtoto anayesoma, au ambaye angekuwa anasoma, mlango wa kwanza ni kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka wa 1984 na huwa chini ya ofisi za elimu. Taasisi ya Kitaifa ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani jijini Nairobi, nayo hufanya tathmini ya watoto. Mzazi asisubiri hadi mtoto afikishe umri wa kwenda shule. Mtoto asiyesikia akikaa miaka mitano ya kwanza bila kifaa wala lugha ya ishara, hupoteza wakati ambao ubongo hujifunza lugha kwa urahisi zaidi.

Kuhusu fedha, zipo nafuu ambazo wengi hawazitumii kwa kutojua. Mlemavu aliyesajiliwa ambaye ni mwajiriwa anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi. Agizo la 2010 lilisamehe kodi kwenye Sh150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Pesa anazookoa hapo kwa mwaka mmoja zinaweza kununua kifaa ambacho angekisubiri kwa mfadhili. Vifaa vilivyoundwa mahususi kwa matumizi ya walemavu pia vimesamehewa ushuru wa forodha chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Jamaa aliye ng'ambo anayetaka kutuma kiti au kifaa cha kusikilizia aulize kuhusu stakabadhi za msamaha kabla mzigo haujafika bandarini, kwa sababu gharama za kuhifadhi mzigo huongezeka kila siku.

Kwa wasio na kazi, mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Pesa hizo huishia kwenye unga na nepi, na ni wachache wanaoweza kuziweka akiba ya kununulia kiti.

Hivyo basi wengi hurudi kwenye harambee, sasa kupitia kwa simu. Hakuna ubaya, ila bajeti ya harambee huwa na kasoro moja: huandika bei ya kifaa pekee. Betri ndogo za kifaa cha kusikilizia huisha baada ya wiki moja au mbili, na mzee aliyenunuliwa kifaa hicho bila mpango wa betri hukiweka kabatini kabla ya mwezi kwisha. Tairi na mipira huchakaa. Mto wa kiti hudidimia. Mguu bandia hulegea kadiri kigutu kinavyopungua. Kamati inayochanga ingefaa kutenga sehemu ya fedha kwa matengenezo, na nyingine kwa nauli ya kurudi kliniki, hasa ikikumbukwa kwamba kuna makondakta wa matatu wanaotoza kiti nauli yake.

Vipo pia vifaa visivyogharimu chochote. Simu nyingi za kisasa huja zikiwa na uwezo wa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na mtumiaji huhitaji tu mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuuwasha. Kwa kompyuta, programu ya NVDA, iliyoanza kuundwa nchini Australia mwaka wa 2006, hutolewa bila malipo na inaweza kusoma kwa sauti ya Kiswahili. Mwanafunzi asiyeona aliyekuwa akingoja vitabu vya nukta nundu anaweza kuanza kusoma jioni hiyo hiyo.

Kabla ya kupokea kifaa chochote, kiwe cha kununua au cha msaada, kuna maswali ambayo mlemavu ana haki ya kuuliza bila kuonekana mtovu wa shukrani. Nani atanipima? Nani atanifundisha kukitumia? Kikiharibika, vipuri vyake vinapatikana wapi? Kiti kinachotumia tairi na fani za baiskeli ya kawaida kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa kijijini. Kile kinachohitaji kipuri kutoka Ulaya huwa chuma chakavu siku kinapovunjika.

Na kwa watoto, tarehe ya kupimwa upya iandikwe siku hiyo hiyo kifaa kinapotolewa. Kiti kilichomtosha mtoto wa miaka sita hakitamtosha akifika darasa la nne.