Matunda ya baridi Ufipa: Usiku mmoja waweza kula faida ya mwaka

Hesabu ya anayetaka kupanda maepo au pichesi katika uwanda wa Ufipa huanza vizuri. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi ipo, na barabara ya lami ya kwenda Tunduma inafikisha mzigo kwenye njia ya Mbeya, Dar es Salaam na Zambia. Maepo mengi yanayouzwa mijini hutoka Afrika Kusini, hivyo wanunuzi wapo.

Tatizo liko kwenye kalenda. Miti hii hupumzika wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Aina zisizohitaji baridi nyingi, kama epo la Anna, huwahi kuchanua kabla baridi haijakwisha. Sakitu, ambayo wakulima wa Makete na Njombe wanaijua vizuri, ikishuka wakati huo huunguza maua. Pichesi iliyochanua kabisa hupoteza takriban ua moja katika kila kumi joto likifika nyuzi 2.8 chini ya sifuri. Likifika nyuzi 4.4 chini ya sifuri, hupoteza tisa.

Tuchukue mfano, si bei ya wiki hii. Miti 200 yenye kilo 20 kila mmoja ni kilo 4,000. Kwa shilingi 1,500 kwa kilo, hizo ni shilingi milioni 6. Maua yakifa, fedha hizo hazipo, ilhali gharama za kupogolea, dawa na vibarua zimekwishalipwa.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote hufanyika kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Hewa baridi ni nzito, na usiku tulivu usio na mawingu hutiririka kama maji kuelekea bondeni. Mkulima anayepanda bondeni ili awe karibu na maji anajinunulia hasara. Panda kwenye mteremko, na usiweke uzio mnene upande wa chini, kwa sababu utaizuia hewa hiyo isitoke.

Kinga ya pili ni jembe. Udongo mtupu wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku, wakati majani makavu yaliyotandazwa huuzuia usilipokee. Mfipa anayefukia majani katika matuta ya intumba haanzi kazi ngeni. Aondoe majani chini ya miti kabla ya maua, amwagilie mchana, kisha ayarudishe matunda yakishashika.

Umwagiliaji wa juu usiku kucha hufanya kazi, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto. Lakini unahitaji takriban lita 30,000 kwa hekta kila saa, bila kusimama mpaka barafu iyeyuke. Pampu ikizima katikati ya usiku, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Kwa mkulima mdogo hilo halilipi. Miti michanga inaweza kufunikwa kwa magunia jioni na kufunuliwa asubuhi.

Moshi nao hausaidii kama wengi wanavyodhani. Kinachosaidia ni joto, na mioto midogo mingi ni bora kuliko mmoja mkubwa. Hata hivyo, nyasi za kiangazi ni hatari. Moto ukitoroka, shamba zima litakwenda.

Kwa wanunuzi wanaotoa malipo ya awali miti ikiwa na maua, tahadhari ni moja. Petali zaweza kubaki nzuri ilhali ua limekufa. Subirini jua lipande, pasueni maua kadhaa, mtazame katikati. Pakiwa peusi au kahawia, ua hilo halizai. Msikimbie mapema, maana mti huhitaji sehemu ndogo tu ya maua yake kutoa mavuno mazuri. Hesabuni yaliyo hai, ndipo mpatane bei.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe. Anayeweka mtaji kwenye matunda ausome kabla ya kutia sahihi.