Kwa Waskoti, ‘ukoo’ maana yake ni watoto

Kila Julai, uwanja wa nyasi ulio karibu na Mlima Grandfather, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, hujaa mahema. Juu ya kila hema kuna bendera na jina la ukoo: MacLeod, Campbell, Fraser, MacRae, Donald. Wazazi hupita na watoto wao wakisoma majina hema moja baada ya jingine mpaka wafike kwenye lao. Hapo mtoto hukaribishwa, huoneshwa ramani ya Uskoti na kuambiwa mababu zake walitoka bonde gani au kisiwa gani.

Familia hizi ni za Kimarekani kwa vizazi vingi na wengi wao hawajawahi kukanyaga Uskoti. Hata hivyo hulipa ada ya chama cha ukoo, huomba likizo kazini na kusafiri mwendo mrefu ili wakae siku chache na watu wenye jina kama lao.

Kinachowaleta ni swali ambalo mzazi yeyote anayelea watoto mbali na kwao analijua: mtoto huyu atajuaje katokea wapi, na akijua itamsaidia nini?

Ukoo uliovunjwa kwa sheria

Katika Kigaeli, lugha ya asili ya milima ya kaskazini mwa Uskoti, neno ‘clann’ maana yake ni watoto. Ndilo lililozaa neno la ukoo linalotumika hadi leo. ‘Mac’ iliyo mwanzoni mwa majina mengi ni ‘mwana wa’, kama ‘bin’ kwa watu wa pwani yetu. MacDonald ni mwana wa Donald.

Ukoo ulikuwa na chifu, ardhi na watu. Si wote waliokuwa ndugu wa damu. Familia nyingi ndogo zilijiunga na ukoo mkubwa ili kupata ulinzi, na nyingine zikachukua jina la chifu.

Mfumo huo ulipata pigo kubwa Aprili 16, 1746. Katika uwanja wa Culloden, jeshi la watu wa milimani waliomuunga mkono Charles Edward Stuart, aliyetaka kurudisha kiti cha enzi kwa familia yake, lilishindwa na jeshi la serikali. Vita vyenyewe havikumaliza hata saa moja.

Baada ya hapo zilikuja sheria. Machifu walinyang’anywa mamlaka ya kuhukumu watu wao, na wanaume na wavulana wakakatazwa kuvaa mavazi ya milimani. Katazo hilo la mavazi liliondolewa mwaka 1782, yaani watoto waliozaliwa mwaka wa vita walikuwa watu wazima wa miaka 36.

Kisha ikaja miaka ya kuhamishwa. Wenye ardhi, wakiwamo baadhi ya machifu wenyewe, waliona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Familia ziliondolewa mabondeni, nyingine nyumba zao zikachomwa moto. Wengine walihamia pwani, wengine miji ya viwanda kama Glasgow, na wengine wakapanda meli kwenda Kanada, Marekani, Australia na New Zealand.

Ukoo wa MacGregor ulikuwa umeonja machungu mapema zaidi. Mwaka 1603 jina lenyewe lilipigwa marufuku na aliyelitumia alihatarisha maisha yake. Marufuku iliondolewa, ikarudishwa, na kufutwa kabisa mwaka 1774. Katika miaka hiyo wazazi waliwapa watoto majina ya watu wengine, huku la kwao wakilitaja ndani ya nyumba tu. Mwaka 1822 wazao wao waliunda chama cha ukoo wa Gregor, ambacho kipo hadi leo.

Chama kinafanya nini?

Vyama vya koo vilianza kama njia ya kusaidiana. Chama cha Buchanan kilianzishwa Glasgow mwaka 1725 kusaidia wenye jina hilo waliopatwa na shida mjini. Mtu aliyehama kijiji alipofika mjini bila ndugu, chama kilikuwa ndugu yake.

Leo vyama hivyo vina matawi nchi nyingi. Hutunza orodha za vizazi, hutoa jarida na kuweka hema kwenye tamasha la michezo ya milimani. Wengine hukutana kwao kabisa. Ukoo wa MacLeod hufanya bunge lake katika ngome ya Dunvegan, kisiwani Skye, kila baada ya miaka minne. Utaratibu huo ulianza mwaka 1956 chini ya chifu mwanamke, Flora MacLeod.

Tamasha lenye jina kubwa zaidi Uskoti ni la Braemar, linalofanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Malkia Victoria alihudhuria mwaka 1848, na familia ya kifalme imeendelea kuhudhuria. Kule Antigonish, Nova Scotia nchini Kanada, michezo ilianza mwaka 1863. Ile ya Mlima Grandfather ilianza mwaka 1956.

Michezo ni ya nguvu hasa. Wanaume na wanawake hurusha mawe na nyundo nzito. Mchezo unaovuta macho ni wa kurusha gogo refu kama nguzo ya umeme. Mshindani hulibeba likiwa limesimama, hukimbia nalo hatua chache na kulitupa lipinduke hewani. Wengi hudhani anayelitupa mbali ndiye mshindi. Sivyo. Anayeshinda ni yule ambaye gogo lake limepinduka na kulala limenyooka mbele yake, kama mshale wa saa unaoonesha saa 6 kamili.

Pembeni, bendi za zumari za mfuko hushindana. Watoto, wengi wao wasichana, hucheza ngoma za milimani jukwaani, ikiwamo ile ya kurukaruka juu ya panga mbili zilizolazwa chini kwa umbo la msalaba. Atakayegusa upanga kwa mguu hupoteza alama. Ni mazoezi ya miaka, na kwa mguu na moyo ni mazoezi mazuri kuliko kukaa na simu.

Kwenye Mlima Grandfather, usiku wa ufunguzi, wawakilishi wa koo huingia uwanjani na mienge ya moto. Kila mmoja hutaja jina la ukoo wake na kutangaza kwamba upo. Watu waliowahi kukatazwa majina na mavazi wanajibu ‘tupo’ mbele ya watoto wao.

Utafiti unasema nini

Kuna ushahidi kwamba habari za familia zinaendana na afya ya akili ya mtoto. Mwanasaikolojia Marshall Duke wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, alianza kulichunguza jambo hilo baada ya mkewe, naye mwanasaikolojia, kugundua kwamba watoto wenye matatizo ya kujifunza waliojua mengi kuhusu familia zao walikuwa wakimudu vizuri zaidi.

Akishirikiana na mwenzake Robyn Fivush, Duke aliandaa maswali 20 ya ndiyo na hapana. Je, unajua babu na bibi yako walikulia wapi? Unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua habari za kuzaliwa kwako? Unajua jambo baya lililowahi kuipata familia? Watoto waliojua majibu mengi walionekana kujithamini zaidi, na kuamini zaidi kwamba wana uwezo wa kuongoza maisha yao.

Hata hivyo, kumkalisha mtoto akariri majina ya mababu hakutamtibu hofu. Watafiti hao walieleza kwamba majibu yenyewe siyo dawa. Mtoto mwenye majibu ni mtoto ambaye watu wazima wamekaa naye, mezani, safarini, kwenye sikukuu, wakamsimulia mara nyingi. Kinachomjenga ni mazoea hayo ya kukaa pamoja.

Waligundua pia kwamba aina ya hadithi ina uzito. Kuna familia zinazosimulia kupanda tu: tulikuwa maskini, sasa tuna kila kitu. Nyingine husimulia kuanguka tu. Inayomsaidia mtoto zaidi ni ile yenye milima na mabonde: tulipata, tukapoteza, tukasimama tena, na wakati wote tulikuwa pamoja. Ukoo wa MacGregor una hadithi ya namna hiyo tayari.

Damu nayo ina habari zake

Jina siyo pekee linalorithiwa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Uskoti na Ayalandi, ugonjwa wa kurithi uitwao hemokromatosisi ni wa kawaida kuliko kwa watu wengi wengine. Mwili wa mgonjwa hufyonza madini ya chuma kupita kiasi kutoka kwenye chakula, na chuma hicho hujikusanya kwenye ini, moyo, kongosho na maungio.

Dalili huanza taratibu: uchovu usioisha, maumivu ya viungo, hasa vidole. Usipotibiwa unaweza kuleta kisukari na kuharibu ini. Wanaume huonesha dalili mapema kuliko wanawake, kwa kuwa hedhi hupunguza chuma mwilini. Tiba yake kuu ni kutoa damu kwa vipindi, kama anavyofanya mchangia damu.

Huhitaji vipimo vikubwa kuanza kushuku. Unahitaji ndugu anayesema, “Baba alikuwa na ini, na mjomba vilevile.” Mtoto huugua pale anaporithi vinasaba vyenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, utaratibu uleule unaofanya kazi kwenye selimundu hapa kwetu. Ndiyo maana daktari akimgundua mmoja, hushauri ndugu zake wapimwe.

Waskoti wana hadithi nyingine ya namna hii. Ukoo wa MacCrimmon, waliokuwa wapiga zumari wa machifu wa MacLeod, umehusishwa na ugonjwa unaovuta vidole vikunjie kiganjani mpaka mtu ashindwe kuvinyoosha. Ugonjwa huo, ambao madaktari huuita kwa jina la Dupuytren, uliitwa laana ya MacCrimmon. Familia yenye ugonjwa wa kurithi ikiambiwa ni laana huficha. Ikijua ni ugonjwa, huenda hospitali.

Yasiyosemwa kwenye hema

Mambo mengine yanayopendeza kwenye matamasha haya si ya kale kama yanavyodhaniwa. Desturi ya kila ukoo kuwa na kitambaa chake maalumu cha mirabamiraba ilishika kasi karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George wa Nne kutembelea Edinburgh mwaka 1822 katika sherehe zilizoandaliwa na mwandishi Walter Scott. Kuwa na jina fulani pia si uthibitisho kwamba mtu ni wa damu ya chifu.

Lipo na jambo zito zaidi. Nchini Jamaika, jina Campbell ni la kawaida miongoni mwa watu weusi. Limefika huko kwa sababu Waskoti nao walimiliki mashamba ya miwa na watumwa. Watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao walikuwa na ndugu wa jina moja waliojitajirisha kwa jasho la watu waliotekwa. Mtoto anayefundishwa Culloden na asifundishwe habari hiyo amepewa nusu ya ukoo wake.

Kusema yote hakumvunji mtoto, ilimradi aambiwe kwa kiasi cha umri wake. Familia zenye siri hujua ugumu wa kumjibu kijana wa miaka 15 aliyesikia ukweli kwa jirani.

Unachoweza kufanya wewe mzazi

Huhitaji hema wala bendera. Yanayofanywa na vyama hivi yanaweza kufanyika sebuleni.

• Mpe mtoto kazi kwenye shughuli ya ukoo. Aliyebeba bendera au kugawa maji hukumbuka zaidi ya aliyeambiwa akacheze nje.

• Simulia na hasara. Biashara iliyofilisika, shamba lililopotea, mtihani ulioshindwa na ulivyorudiwa.

• Wakati bibi na babu wangali hai, rekodi sauti zao kwa simu. Uliza walizaliwa wapi, walihama lini na kwa nini.

• Andika magonjwa ya pande zote mbili, ya baba na ya mama: kisukari, shinikizo la damu, selimundu, saratani, na umri ambao ndugu aliugua. Nenda na karatasi hiyo unapomwona daktari.

• Mtoto wa kulea au wa kambo naye ni wa ukoo. Mpe nafasi na jina katika simulizi, na pale inapowezekana tunza habari za afya za wazazi waliomzaa.

• Usisubiri msiba. Ndugu wengi hukutana kwenye matanga tu, na huko mtoto hujifunza majina ya waliokufa kabla hajayajua ya walio hai.